Majengo ya Kale ya Udongo, Nyasi, Matumbawe na Mwamba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaopenda kusafiri kuona majengo ya zamani, lakini wamechoshwa na orodha zilezile za minara ya chuma na makasri ya marumaru.

Unachaguaje jengo la kuingia humu?

Naangalia mambo mawili. La kwanza, liwe limejengwa kwa kilichokuwepo palepale: udongo wa mtoni, nyasi, mawe ya baharini, mwamba wa mlimani, hata mizizi ya mti ulio hai. La pili, pawe na watu wanaolitunza hadi leo, au basi alama za mikono ya waliolijenga ziwe bado zinaonekana. Jengo la namna hiyo linakuonyesha nchi na watu wake kwa pamoja. Wasafiri wengi huyapita majengo haya kwa sababu hayang'ai, na jambo hilo huniuma.

Kwa hiyo Taj Mahal na Mnara wa Eiffel havimo?

Havimo. Ni vitu vizuri na habari zake zimejaa kila mahali.

Niko Dar es Salaam. Nianze na lipi?

Kilwa Kisiwani, bila kusita. Ni kama kilomita 300 kwa barabara kwenda kusini hadi Kilwa Masoko, kisha unavuka kwa boti, safari fupi tu. Kabla ya kuvuka, pita ofisi ya mambo ya kale pale Masoko ulipe kiingilio, upewe kibali na mtu wa kukutembeza. Usikubali kuvushwa kinyemela. Hela ya kiingilio inahusika na utunzaji, na mtembezaji wa pale anajua njia za vichakani ambazo peke yako hutaziona.

Aliye Nairobi au Mombasa aanze na magofu ya Gedi, na wa Kampala aanze na makaburi ya Kasubi. Nasisitiza kuanzia karibu kwa sababu ukishaelewa jinsi tumbawe lilivyochongwa Kilwa, jicho lako linakuwa limefunguka, na utaona mengi zaidi siku ukifika mbali.

Kilwa nitazame nini hasa? Naambiwa ni magofu tu.

Anza na Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ilianza kujengwa karne ya 11, nayo ni ndogo. Ya kusini iliongezwa baadaye mji ulipotajirika, ikawa kubwa mara kadhaa na kufunikwa kwa kuba na matao. Simama pale sehemu hizo mbili zinapokutana, utazame huku na huku: utaona mji uliokuwa unapanuka na watu wasiotosha tena katika msikiti wa babu zao.

Kisha sogelea ukuta. Utakuta mawe ya namna mbili. Jiwe la kujazia ukuta ni tumbawe gumu lililochimbwa nchi kavu, likapangwa kwa chokaa. Lakini penye mihrabu, penye fremu za milango na penye nakshi, limetumika tumbawe lililotolewa baharini. Hilo likiwa bado bichi ni laini, fundi analikata na kulichonga atakavyo. Likishakauka linakuwa gumu. Ina maana fundi alifanya kazi akishindana na jua. Ukiangalia mistari iliyonyooka ya mihrabu ile utajua alikuwa anaijua kazi yake. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo, na mwambao mzima ulijengwa kwa ufundi huohuo.

Kitu kingine cha kutafuta ni matundu ya boriti kwenye kuta za nyumba. Boriti zilikuwa za mikoko, na mkoko hauzidi urefu fulani. Upana wa chumba ulitegemea boriti, ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani, kuanzia Kilwa hadi Lamu, ni virefu na vyembamba.

Usiondoke bila kufika Husuni Kubwa. Ni jumba la mwanzoni mwa karne ya 14, la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililowekwa ukingoni juu ya bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyohuyo, akausifu mji kwa uzuri wake. Wareno waliuteka mwaka 1505. Leo kisiwani kuna kijiji, watu wanavua na kulima kati ya kuta hizo, kwa hiyo bisha hodi na usalimie kabla ya kupita uani kwa mtu.

UNESCO iliiweka Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara, kisiwa cha jirani, kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya kuta kuporomoka na bahari kula fukwe, kisha ikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi hiyo ifuatilie kwa macho: utaona palipojazwa chokaa mpya.

Na Gedi?

Gedi iko msituni, karibu na Watamu na Malindi, na msitu wenyewe ndio unaoipa haiba. Mibuyu na miti mingine imeota ndani ya majumba, mizizi imekumbatia kuta. Mji ulikaliwa hadi karne ya 17, kisha watu wakauhama. Sababu zinazotajwa ni visima kukauka, mashambulizi na biashara kuhamia kwingine, na huenda zote zilichangia.

Usikimbilie kasri na msikiti tu. Tazama visima na vyoo vya nyumba za kawaida, uone jinsi maji yalivyogawiwa. Wachimbaji walikuta humo vyombo vya kauri vya China, kwa hiyo mtu wa Gedi alikula kwenye sahani iliyosafiri Bahari ya Hindi nzima. Mji huu umeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na kwa maoni yangu ulichelewa mno. Nenda asubuhi kabla jua halijapanda. Nyani na tumbili wapo, ficha chakula.

Makaburi ya Kasubi si yaliungua?

Yaliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Jumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, walimozikwa Makabaka (wafalme) wanne wa Buganda, yaani Mutesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili, liliteketea. Watu walilia Kampala kama walivyolia msibani.

Lakini limejengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO ililitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kilichochukua muda ni kwamba jumba hili halijengwi na mkandarasi yeyote aliyeshinda zabuni. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na nyasi zenyewe zinachaguliwa, zinafungwa vifungu na kupangwa kwa utaratibu walioupokea kwa wazee wao. Ukiwa ndani, tazama juu: dari lina pete za matete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Mbele yako kutakuwa na pazia la kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, na nyuma ya pazia ni mahali patakatifu pasipoingiwa na mgeni. Vua viatu, keti chini kwenye mkeka kama wenyeji, ongea taratibu.

Ni kweli Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, ilijengwa na Waafrika? Nimesoma kwingine kwamba ni kazi ya wageni.

Ni kweli, na suala hilo lilishamalizwa na wataalamu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mjerumani Karl Mauch alipofika mwaka 1871 alidai ni mambo ya Malkia wa Sheba. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema wazi kuwa wajenzi ni Waafrika, na mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akathibitisha. Serikali ya walowezi wa Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa zamani, haikupenda kusikia, ikaendelea kushinikiza vitabu na waongozaji waseme vinginevyo. Uongo unaoukuta mtandaoni leo ni mabaki ya siasa hizo.

Waliojenga ni mababu wa Washona, kati ya karne ya 11 na 15. Mawe ni ya granati, inayobanduka yenyewe mlimani kwa matabaka. Mafundi waliyakata vipande wakavipanga bila chokaa wala udongo wa kugandishia. Ukuta wa nje wa boma kubwa una mzunguko wa mita kama 250 na penye kimo kirefu unafika mita 11. Pitisha macho kwenye mstari wa mawe ya juu kabisa, upande wa mashariki, uone yalivyopangwa kwa mapambo ya pembepembe. Hakuna ulinzi unaohitaji mapambo hayo. Mtu aliyapanga kwa sababu alitaka pawe pazuri.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la kufurahisha zaidi: ndani ya mji ule ilipatikana sarafu ya Kilwa yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule mwenye Husuni Kubwa. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi bandari ya Sofala, Msumbiji, na kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Ukiwa umeanzia Kilwa kama nilivyokushauri, hapa utakuwa unafuata njia ya dhahabu kinyumenyume. Mji wa karibu wa kulala ni Masvingo.

Msikiti wa Djenné ni wa udongo mtupu. Mvua inanyesha, mbona haubomoki?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Djenné iko Mali, karibu na mto Bani. Msikiti unaoonekana sasa ulijengwa mwaka 1907, kwenye uwanja uliokuwa na msikiti wa kale zaidi wa karne ya 13. Fundi mkuu aliyeongoza waashi alikuwa Ismaila Traoré. Umejengwa kwa matofali ya udongo yaliyoanikwa juani, ukakandikwa kwa udongo uliochanganywa na pumba za mpunga na kuachwa uvunde kwa siku kadhaa. Kuvunda huko ndiko kunakoufanya ushikamane na kukataa maji. Jengo zima limeinuliwa juu ya jukwaa la kimo cha mita kama 3, mafuriko ya mto yasilifikie. Juu ya paa kuna mabomba ya udongo wa kuchoma yanayorusha maji mbali na ukuta, na matundu yenye vifuniko vya ufinyanzi yanayofunguliwa usiku ili joto litoke.

Ile miti inayochomoza ukutani kama miiba ni vijiti vya mvumo, vimefungwa vifungu na kuzikwa ndani ya ukuta. Vinaupendezesha, lakini kazi yake kubwa ni kuwa ngazi ya kudumu. Kila mwaka kabla ya masika mji mzima unatoka kuukandika upya. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu hawalali. Alfajiri vijana wanakimbia na makapu ya udongo, wanawake na wasichana wanabeba maji, waashi wanapanda vile vijiti na kupaka kwa viganja vya mikono kuanzia juu kwenda chini. Wazee wa chama cha waashi wanakaa mbele wakiangalia asiyepaka vizuri. Jua likishakuwa kali, kazi imekwisha.

Kwa hiyo jibu ni kwamba mvua inaubomoa kidogo kila mwaka, na kila mwaka watu wanaurudishia ulichopoteza. Mwaka 2009, mwezi wa Novemba, mvua kubwa ya siku moja iliangusha sehemu ya juu ya mnara wa kusini. Ulijengwa tena.

Naruhusiwa kuingia ndani ya msikiti huo?

Ukiwa Mwislamu unaingia kusali. Asiye Mwislamu haruhusiwi, tangu miaka ya 1990, baada ya wapiga picha wa mitindo kuutumia kwa namna iliyowaudhi waumini. Nje panatosha kujaza siku nzima, hasa Jumatatu ambapo soko hujaa uwanjani mbele yake. Usalama ni suala jingine, soma chini.

Kwa nini wasipake saruji wakamaliza kazi?

Swali hili linaulizwa pia Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, na jibu ni lilelile. Udongo na tumbawe vinanyonya unyevu na kuutoa. Chokaa nayo inapumua, inauacha unyevu upite. Saruji haipitishi. Ukiipaka juu ya ukuta wa udongo, maji yanaingia kwenye ufa mdogo yakakosa pa kutokea, ukuta unaoza ndani huku nje unaonekana mzima, hadi siku lipu inabanduka na nusu ya ukuta. Kwenye tumbawe kuna chumvi pia. Chumvi ikizibwa inajikusanya na kulila jiwe hadi liwe ungaunga.

Djenné penyewe baadhi ya wenye nyumba wameanza kubandika vigae vya udongo wa kuchoma kwenye kuta zao ili wapumzike na gharama za kukandika kila mwaka. Siwalaumu, gharama ni kweli. Lakini mabadiliko ya namna hiyo pamoja na hali ya usalama ni sehemu ya sababu zilizoufanya mji wa kale uingizwe kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2016.

Jengo linalojengwa upya kila mara, bado ni la kale?

Wazungu wengi huhesabu umri wa jengo kwa umri wa jiwe. Wajapani wa Ise wanahesabu kwa namna nyingine. Hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20 kwenye kiwanja cha pembeni, kwa mbao mpya za mti wa hinoki, kipimo kwa kipimo. Utaratibu ulianza mwaka 690. Ulikatika kwa zaidi ya karne moja wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakaurudisha. Mara ya 62 ilikuwa mwaka 2013, ijayo ni 2033. Miaka 20 inatosha kijana aliyebeba mbao mara ya kwanza awe fundi mara ya pili na mwalimu mara ya tatu. Mgeni haruhusiwi kuvuka uzio, utaona ncha za paa tu, ila msitu unaolizunguka ni mzuri ajabu.

Peru nako kuna daraja la Q'eswachaka, juu ya mto Apurímac, lenye urefu wa mita kama 28, lililosukwa kwa nyasi tupu. Ni la mwisho la aina yake kutoka enzi za Wainka. Kila mwezi Juni jamii nne za Waquechua zinakutana: kila nyumba inaleta kamba yake ya nyasi, wanawake wanasokota kamba ndogo, wanaume wanazisuka kuwa kamba nene kama paja la mtu mzima, daraja la zamani linakatwa na kuachwa lichukuliwe na mto, jipya linavutwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Siku 3 za kazi, ya nne ngoma. Aliyewahi kushiriki msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, upareni ataielewa shughuli hii bila kuelezwa. Mwaka 2020 janga la korona liliwazuia kulisuka, na Machi 2021 daraja likakatika lenyewe na kuanguka. Miezi michache baadaye wakalisuka upya.

Kwangu mimi hilo ni daraja la kale kuliko madaraja mengi ya mawe. Maarifa ya kulisuka yana karne tano au zaidi, na nyasi zake hazijamaliza mwaka.

Tahadhari moja: kule ni zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Kaa Cusco siku mbili tatu uzoee hewa kabla ya kwenda.

Nimeona picha za madaraja ya mizizi. Ni ya kweli au ni picha za kutengenezwa?

Ni ya kweli. Yako Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India, kwa Wakhasi na Wajaintia. Wanachukua mizizi ya hewani ya mti wa jamii ya mikuyu, wanaielekeza kuvuka kijito, mara nyingi ndani ya gogo la mpopoo lililopasuliwa na kutolewa moyo, kisha wanasubiri. Daraja moja linahitaji miaka 15 hadi 30 ndipo libebe watu vizuri. Anayelianza mara nyingi analianza kwa ajili ya wanawe. Sehemu ile inapokea mvua nyingi kuliko karibu pote duniani; ubao ungeoza na chuma kingeshika kutu, ila mzizi unazidi kunenepa.

Maarufu ni lile la ghorofa mbili kijijini Nongriat. Ni ngazi zaidi ya 3,000 kushuka, na kupanda ni hizohizo. Epuka Juni hadi Septemba.

Makanisa ya Lalibela yalijengwaje?

Yalichongwa, tena kuanzia juu. Mafundi walichimba handaki kuzunguka kipande cha mwamba hadi kikabaki kimesimama peke yake, kisha wakaingia kwa madirisha na milango na kukitoboa ndani: nguzo, matao, kuba, vyote vimetoka kwenye jiwe moja. Kosa moja halikuwa na marekebisho. Yako 11, Ethiopia kaskazini, na yanahesabiwa kuwa kazi ya Mfalme Lalibela, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa ya 13. La kupendeza kuliko yote ni la Mtakatifu Giorgis, lenye umbo la msalaba. Ukikaribia huoni kitu hadi ufike ukingoni mwa shimo, paa likiwa usawa wa miguu yako. Baadhi ya mengine yamefunikwa kwa mapaa makubwa ya kisasa yaliyowekwa mwaka 2008 kuzuia mvua. Hayapendezi, na wenyeji wamelalamika kuhusu uzito wake, lakini bila kinga mwamba ule unalika.

Ibada haijawahi kukoma humo. Krismasi yao, tarehe 7 Januari, mahujaji waliovaa shuka nyeupe hujaa kwenye kingo zote. Ukienda wakati huo tafuta malazi mapema.

Kote huko ni salama?

Hapana. Mali kwa sasa simshauri mtu aende Djenné. Makundi yenye silaha yapo katika eneo hilo na barabara si za kuamini. Lalibela iko mkoa wa Amhara ambako mapigano yamekuwepo tangu 2023. Ndege za ndani kutoka Addis Ababa hutua huko, lakini ulizia hali wiki ileile unayotaka kusafiri, na uulize mtu aliye pale pale. Kilwa, Gedi, Kasubi, Great Zimbabwe, Ise, Peru na Meghalaya ni tahadhari za kawaida za msafiri. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ubebe daima ukitokea Afrika Mashariki.

Kuna jengo lolote lililojengwa na mtu mmoja tu?

Lipo, na hadithi yake inanigusa sana. Ferdinand Cheval alikuwa mpeleka barua wa posta kijijini Hauterives, kusini mashariki mwa Ufaransa. Hakuwa fundi wala msomi wa majengo. Mwaka 1879, akiwa na miaka 43, alijikwaa kwenye jiwe njiani. Alipoliangalia akaona lina umbo la ajabu, akalitia mfukoni. Kesho yake akarudi akaona mengine mazuri zaidi. Kuanzia hapo akawa anapeleka barua kwa miguu mchana, akitenga mawe kando ya njia, na jioni anarudi na toroli kuyachukua. Usiku alijenga kwa mwanga wa taa. Majirani walimwona mwendawazimu.

Alijenga miaka 33, hadi 1912. Jumba lina urefu wa mita 26, limejaa majitu, wanyama, mitende, mapango, na mifano ya majengo ya nchi ambazo hakuwahi kukanyaga: msikiti, hekalu la Kihindu, ngome ya enzi za kati. Aliyaona kwenye magazeti na kadi za posta alizozibeba. Ukutani aliandika kwamba hii ni kazi ya mtu mmoja. Toroli nayo alilitengea kijumba chake humohumo ndani, na bado lipo. Alitaka azikwe mle, akakataliwa, basi akiwa mzee akatumia miaka mingine 8 kujenga kaburi lake makaburini. Alifariki mwaka 1924. Mwaka 1969 waziri wa utamaduni André Malraux aliliweka jumba hilo chini ya ulinzi wa serikali.

Kufika huko unapita Lyon au Valence. Chukua muda mbele ya upande wa mashariki, ambao peke yake ulimla miaka 20, na utafute makombe na kokoto zake moja moja.

Naishi Muscat, Oman. Kuna nini cha karibu?

Ngome ya Bahla, kama saa mbili kwa gari kuelekea bara. Ni ya matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe, ya enzi za Banu Nabhan, ukoo uliotawala Oman zamani, na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1987. Mwaka uliofuata ikaingia orodha ya hatari kwa kuoza, ikatoka 2004. Unganisha na ngome ya Jabrin iliyo jirani, ya karne ya 17, uone dari zake zilizochorwa. Mwenye asili ya Zanzibar atatambua mambo mengi ya milango na barza.

Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Zanzibar, inaingilika?

Sehemu ya jengo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati mafundi wakiwa kazini, na watu wawili walifariki. Tangu hapo limekuwa kwenye ujenzi upya, kwa ufadhili wa Oman. Ulizia Forodhani ukifika. Lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, likawa na umeme na lifti kabla ya wengi pwani hii, na lilinusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Mizinga haikuliangusha. Maji ya mvua yaliyoachwa kupenya kwenye paa na kuta kwa miaka mingi ndiyo yaliyolidhoofisha, na kila mwenye nyumba ya chokaa Mji Mkongwe anapaswa kulitafakari hilo kabla ya masika.

Nivae nini, na picha je?

Mabega na magoti yafunikwe. Mtandio au kanga uwe nayo mkobani. Soksi utazishukuru Lalibela, sakafu ina vumbi na baridi. Picha ya jengo kwa kawaida ni ruksa, ya mtu omba, ya mtu anayesali usipige. Droni usiirushe bila kibali, popote.

Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Aende wapi?

Gedi, njia ni tambarare na kuna vivuli. Kasubi pia. Hauterives anaweza kuzunguka jumba kwa chini bila kupanda. Nongriat hapana kabisa. Kilwa aende, ila mwambie mwenye boti mapema, kwa sababu maji yakipwa inabidi kushuka na kutembea majini.

Naweza kuokota kigae au kokoto ya ukumbusho?

Usiokote. Kilwa na Gedi ni kosa kisheria kuondoa kitu chochote, hata kigae kinachoonekana hakina thamani, maana mahali kilipolala panampa mwanaakiolojia habari ambayo kigae peke yake hakiwezi kutoa. Ukikiona, mwonyeshe mtembezaji wako na ukiache palepale. Ukitaka cha kubeba, nunua mkeka kwa wanawake wa Kilwa Kisiwani.